Mzingile wa Viwambo Vitano: Uhakiki wa Filamu "In the Labyrinth"

Filamu hii ya Roman Kroitor, Colin Low na Hugh O'Connor, iliyotengenezwa na Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, ilionyeshwa kwanza Montreal mwaka 1967, katika maonyesho ya Expo 67, ndani ya jengo lililojengwa makusudi kwa ajili yake. Chumba kimoja kilikuwa na viwambo viwili, kimoja kimesimamishwa na cha pili kimelazwa sakafuni, nao watazamaji wakachungulia kutoka roshani. Katika chumba kingine viwambo vitano vilipangwa kwa umbo la msalaba. Nakala tunayoihakiki hapa ni ile ya mwaka 1979, ya dakika 21, ambamo picha hizo zimekusanywa katika kiwambo kimoja.

Maudhui yake ni maisha ya binadamu tangu uchanga hadi kifo, na kiunzi chake ni ngano ya Wayunani juu ya Theseus aliyeingia mzingileni kumwua Minotaur. Msimulizi hakuna. Hata hivyo mtu asidhani kwamba mtunzi amenyamaza: mpangilio wa picha ndio usimulizi wake. Katika shairi la tarbia sikio hupokea mshororo baada ya mshororo. Kibwagizo hakiwezi kusikika pamoja na mshororo wa kwanza. Hapa jicho hupewa yote kwa mara moja, likalazimika kuchagua. Hii ni fani mpya kweli, wala si kiini macho cha maonyesho. Yasikitisha kwamba nakala ya 1979 yapunguza kazi hiyo ya jicho, kwa kuwa mtazamaji hana tena haja ya kugeuza shingo.

Kasoro iko kwingine. Pambano la shujaa na dubwana limewakilishwa na mawindo ya mamba huko Ethiopia. Ni sehemu yenye taharuki kuu, na hapana shaka kwamba viwambo vitano vimeitendea haki. Lakini mwindaji huyu ni nani? Kwa watunzi, mamba ni ishara ya dubwana lililomo nafsini mwa kila mtu. Kwa mwindaji, mamba aweza kuwa ngozi, au kitoweo, au adui wa mifugo, au yote hayo pamoja. Filamu haituambii, kwa kuwa haimpi nafasi ya kusema. Ili awe binadamu wa kila mahali, amenyang'anywa lugha ya mahali pake. Watetezi watasema kwamba maneno yangeifunga filamu katika taifa moja. Hoja hiyo haitoshi. Ngano ya Theseus yenyewe ina taifa lake na lugha yake, wala haikuzuiwa kutawala kazi nzima. Sentensi moja ya mwindaji kwa lugha yake mwenyewe, hata bila tafsiri, isingeuvunja mpangilio wa viwambo vitano.