Stadi, Kipawa na Bahati: Maoni juu ya Istilahi za Vitabu vya Mchezo wa Hadithi

Katika miaka ya 1980 ilienea Uingereza aina ya vitabu vya hadithi ambavyo havisomwi ukurasa baada ya ukurasa. Kisa hugawanywa katika vifungu vyenye namba, na mwishoni mwa kifungu msomaji, ambaye huitwa "wewe" tangu mwanzo hadi mwisho, huamua apite njia ipi, kisha hufungua kifungu alichoelekezwa. Kabla ya safari kuanza hana budi kumuumba shujaa wake, yaani kujua ana nguvu kiasi gani na anaweza kufanya mambo gani. Hapo ndipo mtafsiri wa Kiswahili hukutana na kazi nzito kuliko mazimwi yote yaliyomo kitabuni.

Tuanze na tofauti ambayo Kiingereza chenyewe huificha. Katika The Warlock of Firetop Mountain, kitabu cha Steve Jackson na Ian Livingstone kilichotoka mwaka 1982, uhodari wa shujaa hupatikana kwa kutupa dadu moja na kuongeza 6. Bahati yake nayo hupatikana vivyo hivyo. Msomaji hachagui lolote katika hayo. Katika Flight from the Dark, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa Lone Wolf alichoandika Joe Dever mwaka 1984, uhodari wa vita bado hutokana na namba ya kubahatisha, lakini mambo mengine 10 huwekwa mbele ya msomaji naye huchagua 5. Akimaliza kitabu salama huongezewa jingine moja. Waandishi hao wote hutumia neno lile lile, "skill", kwa kitu kilichotolewa na dadu. Mtafsiri anayeshika neno moja la Kiswahili, tuseme "ujuzi", na kulitumia kila mahali, atakuwa amefuta mpaka baina ya kilichoangukia mtu na kile alichokichagua mwenyewe.

Kosa la pili ni jepesi kutendeka. Yale mambo 10 ya Dever huitwa kwa Kiingereza "disciplines", na kamusi nyingi zitatoa "nidhamu". Lakini nidhamu ni utii wa kanuni. Mtu hawezi kuwa na nidhamu ya kufuata nyayo na kukosa nidhamu ya kuponya majeraha. Maana iliyokusudiwa ni mambo ambayo shujaa alifunzwa na walimu wake katika utawa.

Tumeona vema kuyapima maneno haya kwa sikio la msomaji wa Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012. Huko watoto wengi huanza na Runyambo nyumbani, na Kiswahili cha kitabuni hukikuta shuleni. Neno lililochaguliwa ovyo halina pa kujisahihishia. Tena nchi hiyo ina masimulizi yanayotenganisha waziwazi yale ambayo istilahi zetu zinayachanganya. Msafiri Speke, aliyefika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, aliandika jinsi mfalme huyo alivyoeleza kurithi kiti. Baba yao Ndagara alipofariki, ngoma ndogo iliwekwa mbele ya ndugu watatu walioshindania ufalme. Wawili walijitahidi wasiweze kuisogeza. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole kidogo. Hapo hapana mafunzo, wala hapana kura: mizimu imemtambua mwenye haki. Hicho ndicho kipawa. Kwa upande mwingine, miongoni mwa vitu vya kifalme vya Karagwe wamo ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Mhunzi aliyewafua hakuzaliwa na nyundo mkononi. Alivukuta, akaunguza, akarudia. Hiyo ndiyo stadi.

Kwa hiyo twashauri mgawanyo huu: "uhodari" na "bahati" yawe maneno ya vitu vinavyoletwa na dadu, "kipawa" kihifadhiwe kwa alichojaliwa mtu pasipo kukitafuta, na "stadi" iwe istilahi ya kile kinachojifunzwa na kuchaguliwa. Neno hili la mwisho hapo awali lilitumika zaidi kumsifu mtu, "fundi stadi", na "ustadi" ukawa sifa isiyohesabika. Lakini matumizi yamekwisha kulifungulia njia. Tunasema "stadi za maisha", na sheria ya mwaka 1994 iliunda mamlaka ya mafunzo ya "ufundi stadi". Twaweza basi kusema "chagua stadi 5" bila kuiumiza sarufi.

Kuhusu stadi moja moja, mtafsiri asikimbilie kuunda maneno mapya kabla ya kupekua yaliyopo. Ile hisi inayomwonya shujaa kabla ya hatari, Waswahili wanayo: ni machale. Kujificha porini kwa kufanana na mazingira ni kujisetiri. Kwa kuponya, tungependelea "uponyaji" kuliko "uganga", kwani katika mchezo huu shujaa hurudishiwa pointi moja ya uhai kwa kila kifungu kisicho na vita, basi. Ilhali uganga hubeba pia upigaji ramli, kama alivyo omufumu wa Runyambo, ambaye hutibu na kuagua.

Huenda wako watakaouliza kwa nini tusumbuke hivyo kwa ajili ya mchezo wa watoto. Jibu letu ni kwamba maneno haya haya yamo katika mitaala, katika ripoti za shule na katika barua za ofisi. Mwanafunzi aliyeshindwa hesabu akiandikiwa kwamba hana kipawa, ameambiwa kwamba ngoma haikumtambua na mambo yamekwisha. Akiandikiwa kwamba hajapata stadi, ameonyeshwa kazi iliyobaki. Mtafsiri anayeandika "chagua vipawa 5" hukosea Kiswahili, maana kipawa hakichaguliwi. Na mwalimu anayelirudia kosa hilo darasani humnyang'anya mtoto jambo ambalo kitabu kilitaka kumpa, nalo ni kuchagua.