Nyoka wa Asavari

Mtu wa Mtendeni, mjini Tabora, hahitaji mkalimani mbele ya picha ya Asavari. Mwanamke ameketi juu ya mwamba, amevaa sketi ya manyoya ya tausi, na nyoka wanauacha msandali kumfuata. Tabora ni nchi ya Wayeye, chama cha Wanyamwezi na Wasukuma cha kucheza na nyoka. Mtazamaji wa hapa atamkagua nyoka kwanza.

Asavari ni moja ya mahadhi ya muziki wa Kihindi. Wachoraji wa Rajasthan, Dekani na vilima vya Himalaya waliyachora mahadhi hayo katika mafungu yaitwayo ragamala, mara nyingi picha 36: raga 6, yaani mahadhi ya kiume, kila mmoja na wake watano. Sahibdin, Mwislamu aliyewachorea watawala wa Mewar, huko Rajasthan, aliacha fungu la mwaka 1628.

Kazi yenyewe yataka subira. Karatasi hugandishwa tabaka kwa tabaka. Mchoro wa awali hufunikwa kwa rangi nyeupe nyepesi, kisha mistari hupitiwa upya. Rangi ikikauka, picha hulazwa kifudifudi juu ya jiwe laini na mgongo wake husuguliwa kwa akiki mpaka rangi ishikamane. Hupakwa tena, husuguliwa tena. Kope na magamba huachiwa brashi ya manyoya ya kindi, yenye ncha ya unywele mmoja.

Ila sauti haichoreki, na hapo ndipo ufundi ulipo: mchoraji humchora msikilizaji. Katika picha ya Todi, mahadhi mengine, paa wanamsogelea mwanamke mwenye vina, zeze kubwa la Kihindi. Katika Asavari, mwili wa nyoka bado umeuzunguka mti, lakini kichwa kimekwisha kuondoka.

Wayeye nao walichora. Mtafiti Hans Cory alikusanya michoro ya kuta za nyumba zao za kufundishia wanachama wapya, akaitoa kitabuni mwaka 1953. Fundi wa chama hicho angeweza kumkosoa Mhindi: nyoka hashikwi kwa wimbo, hushikwa kwa mkono uliozoea na dawa. Angekuwa na haki. Lakini mchoraji hakuwa akieleza tabia za nyoka. Alitaka kipimo cha mahadhi, akamchagua msikilizaji aliye mgumu kuliko wote kumvuta.