Mnazi si mti tu: Nani aliyeyapanda maneno?

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba lugha ni kioo cha mazingira. Ati Waswahili wana maneno mengi ya nazi kwa kuwa wanaishi penye minazi, basi. Katika makala haya ninalipinga dai hilo, si kwa kuwa ni uongo, bali kwa kuwa ni nusu ya ukweli.

Hebu tuanze na msamiati wenyewe. Tunda la mnazi huwa kidaka, likawa kitale, kisha dafu, halafu koroma, na mwishowe nazi. Je, nani aliyeziweka hatua hizo? Si mti. Mti hulikuza tunda mfululizo, bila kituo. Mipaka imewekwa na mwenye kiu na mwenye chungu jikoni. Dafu ni la kunywa. Nazi ni ya kukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa tui. Koroma liko katikati: si dafu tena, na bado halijakomaa likafaa tui. Vivyo hivyo, makuti ni neno la mwezekaji, makumbi la msokota kamba, na kifuu la anayetengeneza upawa. Kila neno lina kazi nyuma yake.

Mwanaisimu Edward Sapir aliligusia jambo hili mwaka 1912 alipoandika kuhusu lugha na mazingira. Hoja yake ni kwamba kitu kuwepo tu hakutoshi kukipa jina. Lazima jamii iwe na haja nacho. Hapo ninakubaliana naye.

Lakini kwa mnazi, twende mbele zaidi. Mazingira yenyewe ni kazi ya watu. Utafiti wa vinasaba wa Bee Gunn na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba mnazi ulianza kukuzwa na binadamu katika maeneo mawili: Bahari ya Hindi na Pasifiki. Minazi ya Madagaska na Komoro ina mchanganyiko wa pande zote mbili, ishara ya mabaharia waliosafiri na mbegu. Kwa hivyo, mashamba ya minazi tunayoyaona Kilifi na Kwale si pori lililomsubiri Mswahili aje kulipa majina. Watu walipanda, wakatunza, wakagema, wakapika. Mti nao ukawapa paa, kamba, kitoweo, na methali kama ile ya mgema akisifiwa. Kioo hakipandi mti. Lugha imeshiriki.

Kwa nini tubishane kuhusu nusu hiyo? Kwa sababu anayeamini kioo huamini pia kwamba maneno yatabaki mradi yamo kamusini. Darasani, kitale na koroma hukaririwa kama orodha ya mtihani, na mtoto hupata alama zote bila kujua lipi hunywewa. Nyumbani tui hutoka kwenye pakiti, na neno chicha linakosa wa kulitamka. Shamba likikatwa kupisha majengo, hatupotezi mandhari pekee. Tunapoteza shughuli zilizoyalisha maneno hayo.

Mwalimu wa Kiswahili, basi, asiishie ubaoni. Alete kidaka na koroma darasani, amwalike mgema aeleze kazi yake. Neno hudumu pale ambapo bado kuna mtu anayelihitaji.