Nani Aliyemsaliti Kihika?

Msomaji, ikiwa kwenu ni Ngoliba au penginepo upande wa Thika, yamkini umesikia habari za Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Miaka hiyo jirani alimwogopa jirani. Ndiyo asili ya riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, *A Grain of Wheat*, iliyotoka mwaka 1967.

Kihika, mpiganaji wa msituni, amesalitiwa, akanyongwa. Kijiji cha Thabai chamshuku Karanja, kwa kuwa aliwatumikia Wazungu. Mugo, mpweke asiyependa maneno, chamwita shujaa: alipata kumtetea mwanamke aliyekuwa akichapwa, akatiwa kizuizini, basi kimya chake chadhaniwa unyenyekevu. Nawe usijione mwerevu kuwapita, utamshuku Karanja vilevile. Dalili zimo kurasani tangu mwanzo. Twazipita kwa kuwa tumekwisha kumchukia. Karanja ana makosa mengi, walakini hilo si lake.

Masimulizi hurudi nyuma mno, na mwanafunzi aweza kupotea. Hapo namlaumu mwandishi kidogo. Vumilia hata ufike sherehe za Uhuru, Desemba 1963, Mugo asimamapo na kujitaja mwenyewe, na umati ukampisha njia, kimya.