Sime Isiyo na Kinga

Nimcha, upanga wa kale wa Waarabu ulioenea hadi Unguja, ina chuma kilichopindwa mbele ya mpini kukinga vidole. Askari wa farasi wa Uingereza, kwa upanga wao wa 1908, walipewa bakuli zima la chuma la kufunika ngumi. Sime ya Wamaasai haina chochote cha namna hiyo. Mpini ukiishia, bapa linaanza.

Hata hivyo, naiheshimu mno kazi ya mafundi wake. Moran, yaani shujaa kijana wa Kimaasai, wa Bonde la Ufa, kabla mkataba wa 1904 na Waingereza haujawahamishia Wamaasai wengi Laikipia, alishika ngao ya ngozi ya nyati kwa mkono wa kushoto. Pigo la adui lilipokelewa huko, mbali na vidole. Mkono wa kulia ukabakiwa na hatari ya kuteleza, na hapo ndipo fundi alipotumia akili yake yote.

Bapa ni jembamba karibu na mpini, kisha hupanuka kuelekea ncha, huku uti ukipita katikati. Uzito uko mbele. Anayechoma kwa upanga, mkono wake husukumwa kuelekea makali. Anayefyeka, upanga wenyewe ndio unaotaka kuchomoka mkononi. Sime ni ya kufyeka. Ndiyo maana mpini hunenepa kidogo mwishoni, kidole cha mwisho kipate pa kukwama. Ngozi mbichi huvikwa ikiwa bado imelowa, ikashonwa kwa kubana; ikikauka hujikaza yenyewe, ngumu kama mfupa lakini haitelezi kwa jasho.

Waliofua vyuma hivyo, Il-kunono, walitengwa na Wamaasai wenzao, wakaoana wao kwa wao, ilhali hakuna shujaa aliyeweza kwenda vitani bila kazi yao. Dhuluma hiyo inastahili kutajwa kila sime inaposifiwa.

Leo bapa hutoka kwenye springi za lori au tupa kuukuu, na mafundi wa jua kali wa Nakuru wanazijua vyema springi hizo. Ukitaka kununua, usianze na makali, kwani makali hunolewa. Shika mpini, kaza ngumi, usikilizie mshono wa ngozi uko wapi. Ukikaa chini ya vidole utakuchubua kabla hujamaliza kukata matawi ya boma. Sime ya hivyo mimi humrudishia muuzaji.