Mshika Tiara wa Paje

Kwetu Sapiwi, mtama ukishapurwa, bibi hasimami popote tu na ungo wake. Huchota makapi kiganjani, huyaachia, hutazama yanaangukia wapi, kisha husogea hatua mbili. Jicho lile lile nimelikuta Paje, kusini-mashariki mwa Unguja, kwa kijana anayewafundisha wageni kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara.

Paje sasa inajulikana duniani kwa sababu mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi ya bahari kuu kule mbali, na huku ndani maji hulala. Kusi ikishika katikati ya mwaka, huvuma siku baada ya siku; mwaka ukigeuka, inakuja kaskazi. Wavuvi wa ngalawa waliyajua hayo tangu enzi, na akina mama walioanza kilimo cha mwani mwaka 1989 wanaijua hata saa ya maji kufika magotini. Siri ilikuwa kwa wageni tu. Kilichokosekana ni chombo, nacho kilitoka Ufaransa: mwaka 1984 ndugu wawili, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hataza ya tiara yenye mirija ya hewa, isiyozama ikianguka. Miaka 40 baadaye mchezo wenyewe ukaingia Olimpiki ya Paris.

Lakini mtazame yule kijana. Tiara ikishajazwa upepo anailaza kifudifudi na kuimwagia mchanga isitoroke. Anatandaza kamba, zaidi ya mita 20, kisha anarudi akizipitisha moja moja kati ya vidole. Akikuta fundo, hata dogo, anachuchumaa alifungue. Mgeni amekwishavaa, ana haraka.

"Subiri, rafiki. Bado."

Anaiinua tiara kwa ubavu, nayo inapigapiga kama shuka iliyoanikwa. Hatua moja kulia. Bado. Nusu hatua. Kitambaa kinajaa, kelele zinakatika. Mgeni anainua dole gumba, na kijana anaachia. Harushi, anafungua mikono tu, upepo unachukua chake. Nimeitazama nusu hatua ile mara nyingi, na kwangu mimi ndiyo ufundi wote.

Siku za bamvua, maji yakianza kupwa, anawaita wanafunzi wake wasogee kando, wasikatishe juu ya vigingi vya mwani. Mama mmoja ameinama pale, anafunga miche kwenye kamba, hata kichwa hainui.