Mbavu Zilizomfikisha Mayol Mita 100
Tarehe 23 Novemba 1976, kwenye bahari ya kisiwa cha Elba, Italia, Mfaransa Jacques Mayol alizama mita 100 kwa pumzi moja. Alikuwa na miaka 49. Alishuka ameshikilia kifaa kizito kilichomvuta chini, hivyo miguu haikuwa na kazi kubwa. Kazi ilikuwa ya kifua.

Hesabu yake inatisha. Kila ukishuka mita 10, maji huongeza mgandamizo ulio sawa na wa hewa inayotulemea huku juu. Lita 6 za hewa mapafuni hubaki 3 kwenye mita 10, 1.5 kwenye mita 30, na kwenye mita 100 hazifiki hata 0.6. Nawe ukitoa pumzi kwa nguvu zako zote, bado mapafuni hubaki kama lita moja na nusu, kwa sababu mbavu zimeshuka na kiwambo cha chini ya mapafu kimepanda hadi mwisho wake. Wataalamu wengi waliamini kwamba mtu akipita sana kina hicho cha mita 30, kifua kitapondeka.

Jibu lilianza kuonekana 1968, alipopimwa Robert Croft, mzamiaji wa jeshi la majini la Marekani aliyefika mita 73. Takriban lita moja ya damu ilikuwa imehamia kwenye mishipa ya kifuani na kujaza nafasi iliyoachwa na hewa.

Lakini damu haifanyi yote. Mayol alifanya yoga miaka mingi, na wazamiaji wa leo hujinyoosha mbavu wakiwa wametoa pumzi yote. Kila ubavu umeungana na uti wa mgongo kwa viungo vidogo; wa chini hufunguka na kufungika kama mpini wa ndoo. Makocha wetu husisitiza kupanua kifua tu. Mimi nasema kufunga kuna uzito uleule.

Hata nchi kavu ni hivyo: mkimbiaji akiongeza kasi, misuli ya tumbo husukuma hewa nje zaidi kuliko akiwa amekaa. Mbavu zilizoshushwa hivyo hutaka kurudi zenyewe, na pumzi inayofuata huingia kwa urahisi. Zilizokakamaa hazishuki, mtu huhema kwa mabega, na shingo hubeba kazi isiyo yake.

Ili kupima mbavu zako, chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kifuani usawa wa chuchu. Toa pumzi mpaka iishe kabisa, soma. Vuta yote, soma tena. Kwa kijana mwenye afya, tofauti ya sentimita 5 ni ya kawaida. Ikiwa chini ya 2.5, na mgongo hukakamaa kila asubuhi, muone daktari.